Mapazia ya Ukumbi Mkubwa

Mapazia ya ukumbi mkubwa wa mikutano hapa Bagamoyo ameyashona dada yangu. Fundi aliyepewa kazi ile yuko Dar es Salaam. Ilipomzidi akaileta kwetu, marobota ya kitambaa kizito cha zambarau, na dada akashona sebuleni kwa cherehani ya mkono. Ya miguu haiwezi. Miguu yake ilikufa angali ananyonya, kwa homa ambayo mama hakuijua jina mpaka anaingia kaburini. Msimu mzima tulikula chakula huku tumeegemea mapazia.

Zamani jengo lile lilikuwa ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Mimi nililikuta halina mbata wala milango. Mbuzi walilala humo, nasi watoto tulikimbilia humo kukwepa jua. Mama alikuwa akimleta dada mgongoni na kumkalisha kwenye sakafu ya baridi, na hakuna aliyemuuliza kaingia kwa ruhusa ya nani. Baadaye likazungushiwa mabati. Mabati yalipoondolewa tukaona ghorofa, vioo, jenereta kubwa kuliko chumba changu, na bango getini lililosema kwamba huu ni ukumbi wa wananchi. Chini kuna kumbi ndogo na vyoo vya marumaru. Ukumbi mkubwa uko juu. Mwananchi huingia na kadi ya mwaliko, au na ufagio.

Dada alipata kadi mwaka jana. Ulikuwa mkutano wa haki za watu wenye ulemavu.

"Haki nitazisikia redioni," aliniambia. "Mimi nataka kuona mapazia yangu yameanguka vipi."

Mimi ni mwalimu, nafundisha Mkange. Niliomba ruhusa nikaja kumsukuma. Nilimkuta kavaa gauni alilolishona mwenyewe, mikono kaipaka hina kama anayekwenda harusini.

Getini tulipita vizuri. Kiti cha magurudumu kilipanda mteremko wa mlangoni bila taabu mpaka kwenye lifti, na mbele ya lifti alisimama msimamizi wa ukumbi, mwanamume wa makamo aliyevaa suti.

"Lifti leo ni ya mgeni rasmi," akasema.

"Mgeni rasmi anaumwa miguu?" dada akauliza.

"Hapana, mama. Ni utaratibu tu." Kisha akanigeukia mimi. "Huyu atabebwa. Walinzi wapo."

Walinzi wawili wakaja. Mmoja alikwisha kumtia mkono kwapani kabla hajamsalimu.

"Niache!" dada akasema. "Mimi si gunia la mkaa."

Nikamwambia turudi nyumbani. Alijifunga khanga kiunoni juu ya gauni, akateremka kitini, akazipa ngazi mgongo na kuanza kupanda kwa mikono: anaweka viganja kwenye ngazi ya juu, anajivuta, anapumzika, anajivuta tena. Mimi nilimfuata na kiti kichwani.

Wajumbe walimpisha. Kisha mmoja akainua simu, wakainua na wengine. Mama mmoja mwenye kitambulisho shingoni akasema kwa sauti, "Huu ndio mfano wa kuigwa!" Hapo makofi yakaanza. Yalimsindikiza ngazi kwa ngazi, kama anavyopigiwa mtoto anayejifunza kusimama. Msimamizi naye alipiga. Sijapata kuchukia mikono ya watu kama siku ile.

Juu nikamrudisha kitini. Mapazia yalishuka kutoka darini mpaka sakafuni, mikunjo imelingana, yanapendeza kweli. Dada akaniambia nimsogeze. Akanyoosha mkono aguse upindo, na msichana wa mapokezi akaja mbio, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mama, usiyashike. Mikono yako ina vumbi la ngazi, yatachafuka. Haya yametoka Uturuki."

Nikafungua mdomo. Dada akanifinya mkono mpaka kucha zikaingia.

"Uturuki?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Yamependeza," akasema, akairudisha mikono mapajani. Viganja vilikuwa vimechubuka.

Mgeni rasmi alichelewa. Alipofika hakutaka lifti. Alipanda ngazi akikimbia, akasema mazoezi ni afya, ukumbi mzima ukacheka. Katika hotuba akasema ameambiwa kuhusu mama jasiri, akamwomba apunge mkono. Watu wakasimama, wakapiga makofi tena. Dada akapunga.

Wakati wa kuondoka lifti ilifunguliwa kuteremsha kreti za soda. Mhudumu akatuambia mama anaweza kushuka na kreti, akijibana pembeni. Tulishuka na chupa tupu zikigongana masikioni.

Njiani nilimgombeza. Kwa nini hakusema kwamba mapazia ni kazi yake?

"Ningesema wangepiga makofi," akajibu.

Video ilisambaa. Shuleni Mkange mwalimu mwenzangu alinionyesha, machozi yakimlengalenga, hajui ni nani yule. Nyumbani walianza kuja watu wasio na kitambaa cha kushonesha. Walitaka kupiga naye picha, na mmoja alimwomba ashuke kitini kidogo ili aonekane vizuri. Tangu siku hiyo dada hufunga mlango wa mbele, vitambaa anavipokea dirishani.

Mwaka huu mahafali ya binti yake yalifanyika katika ukumbi uleule. Binti alilia, akamsihi aje, akasema atawalazimisha wafungue lifti. Dada alimshonea gauni, akamfunga vifungo vya mgongoni, akatutuma sisi. Tuliporudi alikuwa amekaa dirishani anafumua nyuzi.

"Wamewapa nini?" akauliza.

"Pilau," binti akasema.

"Ina nyama?"

"Kidogo."

Akamwambia avue gauni lisije likaingia mafuta.