Meza ya Nne, Nikuunganishe na Nani?

Mwalimu wa kompyuta aliwaambia wanafunzi wake saba, wastaafu watupu, kwamba ukurasa wa mwanzo wa tovuti ni sawa na sebule: mgeni akiingia hapo ndipo anapoamua kukaa au kuaga. Wanafunzi wakaafiki, wakaanza kupamba. Aliyekuwa karani wa mahakama akaweka picha ya jua linalozama. Aliyekuwa mkunga akaweka jua lile lile, kwa kuwa ndilo lililokuwa la kwanza kwenye orodha. Mama mmoja tu, aliyekaa karibu na dirisha, hakuweka kitu. Hakuwa na haja ya sebule. Alikuwa akimtafuta mtu.

Mama huyu alikuwa ameunganisha simu za watu kwa miaka ishirini na miwili, na kazini waliitana kwa namba za meza, maana msimamizi aliamini kwamba majina yanapoteza muda. Yeye alikuwa Meza Nne. Walikaa wanawake kumi na wawili mstari mmoja, wakiutazama ubao wenye matundu na taa ndogo ndogo. Taa ikiwaka, unachomeka waya na kusema, "Meza ya nne, nikuunganishe na nani?" Aliyesema penye wengi hapaharibiki neno hakuwahi kukaa chumba kile.

Kuliani kwake alikaa Meza Tano, mwanamke mwembamba mwenye kipaji kimoja ambacho ofisi haikukitambua. Kila msimamizi alipokwenda kunywa chai, Meza Tano alichomeka waya wake upande wa jirani na kukoroma kwa sauti nzito ya kiume: "Nimesubiri tangu juzi, bibie! Nipe msimamizi wako!" Na kila mara, kwa miaka yote hiyo, Meza Nne alianza kuomba radhi kwa adabu zote za serikali, mpaka asikie kicheko kinamtoka mtu kuliani kwake.

Alikuwa na namba elfu mbili kichwani: ya hospitali, ya muuza majeneza, ya mkuu wa posta, na ya nyumba ambayo mke wa mkuu wa posta hakupaswa kuijua. Namba ya Meza Tano hakuwa nayo. Ya nini, na mwenyewe yuko umbali wa kiwiko?

Kisha ukaja mtambo usiohitaji mtu. Wanawake kumi na wawili wakapewa saa ya ukutani kila mmoja, ili waone vizuri muda wasiokuwa na la kufanya, na hotuba. Meza Tano akahamia mji mwingine na mumewe. "Nitakupigia," alisema mlangoni. Mwaka huo huo Meza Nne naye akahama nyumba, na namba yake ya simu ikabaki nyumba ya zamani. Miaka kumi na tisa ikapita hivyo. Kwamba huenda mwenzake hayupo tena duniani, hilo hakulisema kwa mtu, na mumewe alikuwa na busara ya kutomuuliza.

"Mama, weka basi picha yako," mwalimu alimwambia wiki ya tatu. "Mkiwa kazini, kwa mfano."

"Kamera zilikatazwa."

"Basi weka maua."

"Mwanangu, ninayemtafuta hanijui kwa maua."

Akainamia kazi. Kipanya kilimkimbia mezani kama kipanya kweli. Mara mbili alifuta kila kitu, na mara moja akafuta na cha mkunga. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: kufikia wiki ya tano ukurasa ulikuwa na rangi ya mbao iliyoiva, duara kumi na mbili zilizopangwa mstari, na ya nne ikiwaka njano. Chini yake, kwa herufi kubwa: MEZA YA NNE, NIKUUNGANISHE NA NANI? Kisha kisanduku cha kuandikia ujumbe.

Mwalimu aliutazama. "Mama, wageni hawataelewa."

"Mmoja ataelewa."

Ukurasa ulipofunguliwa kwa ulimwengu, Meza Nne alifanya kosa ambalo mwalimu hakuwahi kuliona kwa mwanafunzi yeyote: alikaa kuulinda. Kila asubuhi, akishakunywa chai, alikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani, mgongo wima, mpaka saa kumi jioni. Chakula cha mchana alikula pale pale.

"Mama watoto," mumewe alisema, "hiyo kitu inakaa yenyewe. Ndiyo faida yake."

"Meza haiachwi wazi."

"Basi na mimi nichomeke waya, labda nitasikilizwa."

Siku ya tatu ujumbe ukaingia. Mtu asiyemjua alilalamika kwamba simu yake inakatika kila mvua ikinyesha. Wa pili alitaka laini yake ifungwe. Wa tatu alitukana, kwa ufupi. Ilionekana kuna watu wengi duniani ambao kwa miaka wametafuta mtu wa kuwaambia shida za simu zao, na sasa wamempata. Mwalimu akamshauri awapuuze. Meza Nne hakujua taa inapuuzwaje. Akawajibu wote: "Samahani kwa usumbufu, ndugu mteja." Mmoja alirudi kushukuru. Alisema hakuna kampuni iliyowahi kumjibu, na angeisifia hii kwa majirani.

Wiki zikaenda. Mafunzo yakaisha, karani na mkunga wakasahau majua yao. Meza Nne aliendelea kukaa, ila sasa alikaa na kitambaa cha kufuma, kama mtu asiyesubiri kitu.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, saa ambayo zamani msimamizi alikuwa anakunywa chai, ujumbe ukaingia.

"Nimesubiri miaka kumi na tisa, bibie! Nipe msimamizi wako!"

Vidole vilishazoea. Viliandika, "Samahani kwa usumbufu, ndugu mte—" ndipo vikasimama.

Akageuka kuliani.

Alikuwepo mumewe, anamenya chungwa.

"Nini?" akauliza mume. "Mbona unanitazama hivyo? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, baba. Kaa hapo hapo."

Chini ya ujumbe palikuwa na namba ya simu. Meza Nne aliisoma mara moja. Kalamu ilikuwa karibu, na karatasi, lakini hakuvigusa. Aliinuka, akaiacha meza wazi saa za kazi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaenda kuitafuta simu.