Mkaguzi na Mabehewa Yaliyotoka Jasho

Mtaani walimwita Onyesha. Jina hilo alijipa mwenyewe kwa kinywa chake, kwa kulitamka mara mia mbili kwa siku, miaka thelathini na mmoja, akipita katikati ya viti vya treni na koleo la kutobolea tiketi mkononi. "Onyesha." Hakuwahi kusema tafadhali. Aliamini kwamba tafadhali humpa mwizi nafasi ya kufikiri.

Imani yake nyingine ilikuwa fupi vilevile: kila abiria ni mwizi mpaka tiketi iseme vinginevyo, na tiketi yenyewe hutazamwa pande zote mbili. Watawa aliwakagua. Maiti aliyekuwa akisafirishwa kwenda kuzikwa aliwahi kumkagua, akakuta karatasi zake zina kasoro. Alipostaafu, wakubwa zake walimpa saa ya ukutani, naye akaipeleka kwa fundi saa kuuliza kama ni mpya.

Basi mtu wa namna hiyo akapewa zawadi na mkwewe.

Mkwe alikuwa fundi wa meno bandia. Aliishi nyumba moja na wakwe zake kwa sababu mkewe, nesi na mtoto wa pekee, alikataa katakata kuwaacha wazazi wake wabaki wawili wakitazamana kama vikombe kabatini. Kijana wa watu alikuwa mpole. Ndiyo baba, samahani baba, pole baba. Onyesha aliuhesabu upole huo kuwa kosa la kwanza. Mtu mpole hivyo, anaficha nini?

Zawadi yenyewe ilikuwa printa ndogo ya kujifunzia, ya kuchapa vitu na si maandishi, kimo cha debe, yenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Chini ina trei ya majimaji mazito ya kijivu, resini. Mwanga wa zambarau huyapiga majimaji hayo kutoka chini, nayo huganda tabaka juu ya tabaka, na kile unachokichapa hupanda polepole kikining'inia kichwa chini kama popo. Mkwe alikuwa ameitumia kuchapa magego ya mazoezi.

"Baba, unaweza kuchapa treni yako," alisema. "Ile ya abiria na mizigo. Behewa kwa behewa."

Onyesha aliitazama mashine mbele na nyuma. "Kwa nini?"

"Kwa nini nini, baba?"

"Kwa nini unanipa?"

"Umestaafu. Nimeona itakushughulisha."

Onyesha akamfuata mkewe barazani, kwenye cherehani yake. "Umesikia? Anataka nishughulike. Mtu akitaka ushughulike, kuna kitu hataki ukione."

Mkewe alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja. "Labda hataki kukuona wewe," akasema, akazirudisha.

Lakini mashine ilimteka. Ndani ya mwezi mmoja, stoo ya nyuma ilikuwa karakana: chupa za spiriti za kuoshea, glavu, barakoa, taa ya kukaushia, na meza iliyotapakaa reli nyembamba kama nyuzi za mswaki. Majirani waliona mzee aliyeziba pua na mdomo, harufu kali, mwanga wa zambarau chini ya mlango, wakafikia uamuzi bila kupoteza muda. Muuza mayai wa nyumba ya pili alisema ni pombe haramu. Mkewe muuza mayai alisema ni noti. Onyesha alipopita, walimsalimia kwa heshima ambayo hawakuwa nayo kabla, maana mwenye noti hadharauliwi, hata kama bado ni mbichi.

Hakuwa na noti. Alikuwa na injini yenye ngazi za dereva nyembamba kama sindano, mabehewa ya abiria yenye madirisha ya kuchungulia, matangi matatu ya mafuta na mabehewa manne ya mizigo, kila moja urefu wa kiganja. Misumari ya kwenye bati iliweza kuhesabika, naye aliihesabu.

Katika juma la kwanza tu, mkwe alikuwa amemwelekeza kitu kimoja. Injini, matangi na mabehewa ya mizigo huachwa tupu ndani ili kuokoa resini, na kwa hiyo lazima yawekwe matundu mawili chini. "Yale majimaji yaliyobaki ndani yatoke, baba. Halafu unasukutua ndani kwa spiriti."

Onyesha alicheka kicheko cha ofisini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameona matundu chini ya mabehewa. Wezi hulala relini, hutoboa sakafu kwa keekee, hutega gunia, na sukari inashuka yenyewe kama mvua. Behewa lenye tundu ni behewa lililoibiwa. Na sasa huyu anamfundisha kuchapa wizi kabisa, tangu kiwandani! Akasema "nimekuelewa," akangoja mkwe aende kazini, akayafuta matundu yote kwenye michoro iliyokuwa kwenye kompyuta.

Tusizungushane: mhalifu wa kisa hiki ni resini. Iliyofungiwa ndani bila kuona mwanga haigandi. Inakaa, inalainisha kuta kwa ndani, inasukuma, na baada ya wiki kadhaa ganda linapasuka na majimaji yanachuruzika. Fundi yeyote wa mashine hizi angekwambia kabla hujamaliza kuuliza. Ila Onyesha alikuwa na fundi mmoja tu wa kumuuliza, na huyo ndiye aliyekuwa mshukiwa.

Tangi la kwanza lilipasuka Jumanne. Alilikuta rafuni lina ufa ubavuni na matone ya kunata, kama lililotoka jasho. Alhamisi likafuata behewa la mizigo, kisha injini. Mabehewa ya abiria, yenye madirisha wazi, hayakuwa na hata mkwaruzo, na hilo lilimthibitishia kila kitu. Mwizi anachagua mizigo, akaandika kwenye daftari. Anaijua biashara.

Akaita watu mezani, mmoja mmoja.

"Jumanne saa nne ulikuwa wapi?" alimuuliza mkewe.

"Nilikuwa nakupikia."

"Una shahidi?"

"Ulikula, hukula?"

"Nilikula."

"Basi shahidi ni tumbo lako. Liulize."

Akaja binti, na sare yake ya hospitali bado mwilini. "Baba, mimi kutwa nzima nadunga watu sindano. Unadhani nikirudi nyumbani nadunga mabehewa?"

Onyesha akaandika: *Amekiri kuwa na sindano.*

Akaja mkwe, akakaa, akaweka mikono magotini. "Baba, yale matundu uliyaacha?"

"Hapa anayeuliza ni mimi."

"Nauliza kwa sababu—"

"Unajibu, huulizi. Nani ana ufunguo wa stoo?"

"Haijafungwa, baba. Haijawahi kufungwa."

Kumbe! Onyesha akanunua kufuli. Akayaweka matangi mawili na mabehewa matatu yaliyobaki ndani ya sanduku la chuma, akalifunga, akazungusha uzi mweusi wa cherehani mara saba na kuukaza kwa fundo la siri, kisha akavaa ufunguo shingoni. Hata kuoga alioga nao. Baada ya siku tatu akafungua. Uzi ulikuwa mzima, kufuli zima, na ndani tangi moja na mabehewa mawili yamepasuka, yanang'aa kwa unyevu.

Mtu mwingine angekaa chini akafikiri. Onyesha naye alikaa chini akafikiri, na hiyo ndiyo hasara ya kufikiri ukiwa umeshaamua. Mhalifu ana ufunguo wa pili. Mhalifu anajua kufunga fundo dogo kwa vidole vyepesi. Na nani katika nyumba hii hushinda anachezea vitu vidogo vidogo kwa vidole vyepesi? Mtu wa meno.

Alilisema wakati wa chakula cha mchana, wote wanne mezani.

"Wahenga hawakukosea," alianza, akimtazama mkwe juu ya sahani. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Binti akaweka kijiko chini. "Baba, unamwita mume wangu chawa?"

"Sijamtaja mtu."

"Unamtazama."

"Natazama mbele. Yeye ndiye aliyekaa mbele."

"Baba," alisema mkwe taratibu, "mimi nikuharibie vitu vyako ili nipate nini?"

"Hilo ndilo linaloninyima raha. Sijajua bado. Ila mtu hakupi mashine bure."

Mkewe Onyesha alifunga macho kama mtu anayesikia sahani ikianguka na bado haijafika chini.

"Mpaka uliposema mashine nilikuwa navumilia," binti alisema. "Mwaka mzima umemkagua. Ukimkuta anacheka, unauliza nini kinamchekesha. Akinyamaza, amenyamazia nini. Akikununulia viatu, unauliza alijuaje namba ya mguu wako. Leo umemwita mwizi kwenye chakula chake. Jumamosi tunahama."

Hakuwa mtu wa vitisho. Jioni ile ile alipata vyumba viwili upande wa pili wa mji, karibu na hospitali.

"Umefurahi?" mke alimuuliza Onyesha. "Mtoto ni mmoja, na umemfukuza kwa ajili ya treni isiyoweza kubeba hata panya."

"Sijamfukuza yeye."

"Ukikata tawi, ndege anabaki hewani? Kamwombe radhi mumewe."

"Siku nitakapoona ushahidi."

Jumamosi saa tatu asubuhi gari la mizigo lilisimama getini. Onyesha hakutoka. Kati ya vyote vilivyokuwa sandukuni, vilibaki vizima viwili: tangi moja na behewa moja. Behewa lilipasuka Ijumaa. Sasa lilibaki tangi, na aliamini kabisa kwamba mhalifu hawezi kuondoka bila kulimaliza. Akajifungia stooni, akafunga na dirisha, akaliweka tangi mezani juu ya karatasi nyeupe, akavaa glavu na kukaa mbele yake kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Nje alisikia kitanda kikigonga mlango. Alisikia mkewe akisema, "Chukueni na ile sufuria kubwa, mimi nitapikia nani?" Alisikia binti akipiga chafya mara tatu, kama alivyopiga chafya tangu utotoni, kila lilipohamishwa kitu chenye vumbi. Hakuondoa macho kwenye tangi.

Saa nne na dakika kumi, tangi likasema *tak*.

Ufa mwembamba ulipita ubavuni mwake, kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye gurudumu. Halikuguswa na mtu. Tone la kijivu lilijikusanya kwenye ufa, likanenepa, likaanguka kwenye karatasi.

Onyesha aliruka. Akachungulia chini ya meza. Akatazama nyuma ya mlango, akajaribu komeo, akakagua dirisha, akainua hata ndoo. Kisha akakaa. Chumbani kulikuwa na mtu mmoja. Aliligeuza tangi kichwa chini. Tumbo lake lilikuwa laini, limefungwa pande zote, bila tundu hata moja, na ndani yake, alipolitikisa karibu na sikio, majimaji yalicheza.

*Yale majimaji yaliyobaki ndani yatoke, baba.*

Katika maisha yake ya kazi, kumkamata mtu kulikuwa raha. Hii haikuwa na raha yoyote. Getini injini iliwashwa.

Alitoka mbio, barakoa usoni, glavu mikononi, tangi likidondosha njia nzima. Muuza mayai aliyekuwa amesimama kutazama uhamisho alirudi nyuma hatua mbili.

"Zima gari!" Onyesha alimwambia dereva.

"Mzee, nimekodiwa kubeba, si kusikiliza kesi."

"Zima."

Binti alikuwa ameshapanda mbele. Mkwe alikuwa nyuma, akikaza kamba juu ya kabati. Onyesha akamwinulia tangi.

"Limepasuka."

"Pole, baba."

"Limepasuka nikilitazama."

"Nani mwingine alikuwa ndani?" aliuliza binti kupitia dirishani, kwa sauti ambayo Onyesha aliitambua vizuri, maana ilikuwa yake.

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi peke yangu."

"Mlango?"

"Umefungwa kwa ndani."

"Kwa hiyo mhalifu ni nani, baba?"

Onyesha alishusha barakoa. Akatazama barabarani, akatazama mti wa jirani, akamtazama muuza mayai, ambaye hakuwa na mpango wa kuondoka.

"Matundu niliyafuta," alisema. "Uliniambia niyaache, nikayafuta. Nilidhani unanifanyia njama. Hukunifanyia. Nimekukosea, mwanangu, na nimekukosea mbele ya mkeo na mbele ya chakula."

Mkwe alishuka. Alilipokea tangi kwa kitambaa, akalitazama chini, na mtu mwingine angetabasamu. Yeye alisema tu, "Haya mengine yaliyopasuka yasikae kwenye rafu, yatamwaga sumu. Tuyatoboe, tuyasukutue, tuyapige mwanga ndani. Ufa tutauziba, halafu upake rangi."

"Tuya... sisi?"

Mkwe akamgeukia mkewe. Dereva akapiga honi mara mbili.

"Vyumba vile tumeshavichukua," alisema binti hatimaye, "na sivirudishi. Vinatungoja, na tutahamia siku yoyote utakayomkagua tena mume wangu. Sikia vizuri, baba. Siku yoyote. Leo shusheni kabati na godoro. Kitanda kipelekwe."

"Mtalala chini?" mama yake aliuliza.

"Mpaka nimwamini."

Dereva aliapa kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuhamisha nusu ya ndoa. Kabati likashushwa. Lilikuwa la mbao nzito, lenye kioo, na Onyesha akashika pembe moja kabla mtu hajamwambia. Mkwe alishika upande wa kioo, ule mzito, wakaanza kupanda ngazi za baraza.

Ngazi ya pili, Onyesha alisimama.

"Mbona umeshika upande mzito?"

Mke akakohoa kutoka kwenye cherehani. Dirishani kwenye gari, binti alikuwa bado hajafungua mlango.

"Kwa sababu wewe ni mzee, baba," alisema mkwe.

Onyesha alilitafakari jibu hilo. Alilitazama pande zote mbili.

"Sawa," alisema, akapanda.