Firigisi Iliyoponzwa na Manyoya

Sisi wanafunzi wa mfumo wa nane-nne-nne tunafundishwa kila kitu, hata jinsi ya kujinyima chakula. Funzo hilo nililipata likizo ya Agosti, kwa nyanya yangu, Kisauni.

Wageni wa posa ya dada yangu walikuwa waje kutoka Likoni, na jogoo keshachinjwa. Nyanya alinipa sufuria ya maji ya moto nimnyonyoe, akaniahidi firigisi. Nyumba ile firigisi huliwa na mwanamume mkubwa, na babu alikuwa safarini Lamu. Kwa mara ya kwanza maishani, mwanamume mkubwa nilikuwa mimi.

Ningenyamaza, ningeila. Lakini muhula ule mwalimu wa bayolojia alikuwa ametufundisha habari za manyoya, na mimi elimu ikinikaa mdomoni huniwasha. Nikamwambia nyanya kwamba unyoya ni keratini, protini za jamii moja na za ukucha wake na nywele zake. Hakuamini. Nikachoma unyoya kwenye jiko la makaa, kisha nywele zangu mbili tatu, kisha kipande cha ukucha. Harufu moja, ya kuchefua. Ni salfa iliyomo ndani, nikasema, kama profesa.

Laiti ningekomea hapo. Nikamshika jogoo mguu, nikamwonyesha nyanya magamba. Nikasema mababu wa ndege walikuwa watambaazi, na kwamba manyoya na magamba hayo yana asili moja, ila manyoya yalianza kama vinyuzi, yakarefuka, yakachanikachanika, labda ya kutia joto tu. Kuruka kulikuja baadaye.

Nyanya akaacha kukuna nazi. "Kwa hivyo jogoo wangu na kenge ni ndugu?"

"Wa mbali, nyanya. Lakini ndugu, wallahi."

"Umeapa."

"Nimeapa."

Akaendelea kukuna nazi.

Baada ya swala ya adhuhuri wageni walikula, wakasifu. Mimi nikaletewa wali na mchicha. Nikauliza firigisi i wapi.

"Sisi hatujui kitu, mjukuu wangu, Mola atatusamehe. Wewe umejua, na ukaapa. Nikulishe kenge?"

Nikasema mwalimu naye mara nyingine hubahatisha. Akajibu mwalimu asisingiziwe, harufu ameinusa mwenyewe. Basi nikaomba mchuzi tu.

"Kenge kaoga humo."

Firigisi ililiwa na mjomba wa mposaji, polepole, macho kayafumba. Mimi nikatumwa nikayafukie manyoya nyuma ya nyumba. Yalijaa beseni zima. Protini tupu.