Kabla Mawingu Hayajasimama

Mimi zamani nilikuwa nacheka watu wa hali ya hewa. Wakisema mvua, naanika mahindi. Wakisema jua, nabeba mwavuli nikienda kanisani. Halafu binti yangu akaenda Nairobi kusomea urubani, na sasa utabiri wa redioni ukianza, mtu asinisemeshe. Wakifika Bonde la Ufa, naacha hata ugali uungue.

Kila Aprili wimbo ni mmoja: asubuhi jua, alasiri manyunyu, mahali pengine mvua kubwa na radi. Nilimuuliza binti yangu kwa nini mvua ya masika hupenda mchana. Akaniambia asubuhi ardhi bado baridi na anga limetulia. Jua likishapanda, joto linainua mawingu, yanafura kama maziwa jikoni, yanasimama wima kutoka Mau hadi Menengai. "Na hapo, Mum, ndege ndogo kama yetu haiwezi. Hatuingii."

Basi Aprili moja chuo kikampangia safari ya mafunzo, yeye na mwalimu wake. Watoke Nairobi, wapite Naivasha na Gilgil, wageuke juu ya Bahati, huku kwetu, warudi. Atapita juu ya boma letu! Jamani, nilipiga kelele jirani akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Lakini aliyeshikwa na hiyo habari kabisa ni mama mkwe wangu, ambaye hapa kila mtu humwita shosho, yaani nyanya. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake upande wa baba, akahesabiwa kuwa ndiye yeye, na shosho hilo jambo halichukulii kwa mchezo. Mtoto alipougua surua, shosho alitangazia watu, "Ninaumwa." Alipoitwa chuo cha urubani, shosho alisema, "Wamenichukua." Sasa akawa anaambia kila anayekuja kununua maziwa, "Ijumaa nitapita huko juu."

Tatizo lilikuwa macho. Moja lilikuwa limekufa kitambo, na daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba la pili halitafika Krismasi. Na binti yangu alisema njia hiyo hawatarudia tena. Kwa hivyo ilikuwa ni Ijumaa hiyo, anga likiwa safi, ama basi.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akaifanya sherehe. Simlaumu, ndiye aliyeongoza harambee ya karo na watu waliochanga walitaka kuona kitu. Akakodi tenti na viti, akaalika pasta wa kanisa letu na ukoo mzima. Mimi nikapewa kazi ya viazi, kama kawaida.

Alhamisi jioni binti yangu akapiga simu, sauti ndogo.

"Mum, baba mkubwa amenipigia. Anataka tuje saa saba, ati hapo ndipo pasta na wageni watakuwa wamekaa. Nimeshindwa kumkatalia. Niongee na mwalimu?"

"Nyinyi mlikuwa mje saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Na saa saba kutakuwaje?"

"Wameonya radi. Mwalimu akikubali kujaribu, pengine tutageuza njiani. Ama tutapita na hamtatuona."

Nilijua mtoto wangu. Kwa baba mkubwa huwa hasemi hapana, hata akipewa chai ya chumvi. Hasira zikanipanda.

"Usiongee na mtu," nikamwambia. "Kuja saa tatu. Baba mkubwa niachie mimi."

Nikampigia. "Shemeji, ndege inapita saa tatu."

"Na wageni?"

"Wageni waje saa tatu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama rubani, wewe umeona sherehe gani Bahati ikianza saa tatu? Mwambie angoje kidogo tu. Azungukezunguke huko juu, pasta akifika tutampigia."

"Kwani ni bodaboda hiyo?" nikamuuliza. "Mtoto wangu hapiti kwenye radi kwa sababu pasta anakunywa chai!"

Akasema tutaona kesho, akakata simu. Usiku huo nililala vibaya, kumjibu shemeji hivyo si jambo dogo.

Asubuhi kulikucha anga limeoshwa, hakuna hata kiwingu. Viti vilikuwa vimepangwa vizuri, vyote vitupu. Nilimshika shosho mkono tukaenda hadi katikati ya shamba la viazi, mbali na tenti, nikamkalisha akiangalia upande wa Gilgil. Alikuwa amejifunga kitambaa chekundu cha Jumapili.

"Nitatokea upande gani?" akauliza.

"Huko mbele, mama."

Sauti ilitangulia. Shosho akasema, "Nisimamishe." Kisha nikaiona, nyeupe, ndogo jamani, nikajiuliza mtoto wangu anatoshaje humo ndani. Ikaja hadi juu yetu, ikainamisha bawa moja, ikageuka polepole. Mimi nilikuwa nalia na kupunga aproni kama mwendawazimu. Shosho hakupunga. Alikinga jua kwa kiganja juu ya lile jicho lake zima, akaifuata na uso wote mpaka ikapotea kule ilikotoka. Kisha akakaa.

"Umeiona, mama?"

"Niletee chai," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

Nilipokuwa naponda viazi vya mukimo, simu ikaita. Binti yangu alikuwa ametua salama. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, hapo hapo jikoni, mwiko mkononi.

Wageni walianza kufika saa sita. Pasta akafika saa saba, na mawingu ya Menengai yakafika naye, meusi, yamesimama wima vile vile alivyosema binti yangu. Radi ikapasuka. Mvua ya mawe ikapiga tenti mpaka watu wakashikilia nguzo. Nilimwangalia shemeji, naye hakuniangalia. Maneno nilikuwa nayo tele, lakini niliyaacha, alikuwa amelowa mpaka soksi. Mvua ilipopungua kidogo akachukua kipaza sauti.

"Wapendwa," akasema, "tunasikitika. Kwa sababu ya hali ya anga, ndege haitapita leo."

Watu wakaguna. Shosho akagonga meza na fimbo yake, akanyoosha mkono apewe kile kipaza sauti. Shemeji akampa, angefanya nini, ni mama yake.

"Nani amesema sijapita?" shosho akauliza. "Nilipita saa tatu. Nyinyi mlikuwa wapi?"