Balilia Yaya Yangu na Iko Muzima

Mbele ya kuanza nilimwambia mujikulu yangu: weye njo utaandika, miye njo nitasema, na usikate ata neno moya. Alitaka kucheka, alafu akaanza kuandika. Anajua juu ya nini minasema vile. Miye kalasi nilifika paka ya tatu tu, ku masomo ya bamasere ya kanisa katolika. Minajua kuandika jina yangu na kusoma bei ya sukari. Lakini kinywa Mungu alinipa kamili. Meno ilienda, kinywa ilibakia.

Uyu mujikulu, wenye ananiitaka kambo, iko mutoto ya binti yangu ya mwisho. Tunaikala naye mu Kampemba, ku Lubumbashi, mu parsele, kiwanja yenye marehemu bwana yangu aliacha. Kazi yake ni kutengeneza site ya enterinete. Siku moya nilimuuliza site ni kintu gani. Akanieleza polepole, sawa vile unaelezaka mutoto: duka iko na nyumba yake ku njia, lakini siku ii bantu bote beko mu telefone, basi duka inatafuta nyumba mu telefone pia, na yeye njo anajenga ile nyumba. Nilifurahi sana. Baba yangu alitengenezaka njia ya gari ya moshi. Bwana yangu alikuwa ku moto ya mukuba, kule banayeyusha shaba. Na uyu anajenga manyumba bila tofali, anaikala paka pa kiti, na jioni anasema mugongo inamuuma sawa ya bwana yangu.

Lakini roho yake haikukuwa mu manyumba. Ilikuwa mu video. Asubui, mbele ya kunawa uso, anaangalia bantu banaangalia nini. Hapana video yenyewe, hapana. Anaangalia bale benye kuangalia. Pa kula bukari bengine banazungumza mupira, yeye anatuzungumzia video. Asema zamani balipenda video yenye kulala sawa kitanda, sasa banapenda yenye kusimama sawa mulango, juu njo vile banakamataka telefone. Asema mingi banaangalia bila sauti, ku misa, ku kazi, donk unapashwa kuandika maneno kule chini. Asema kama sekonde ya kwanza haikumukamata muntu, kidole inapita, alisha kwenda.

Nilimuuliza kama ni kweli muntu anaacha mwenzake katikati ya maneno, anaenda tu. Asema ndiyo, kambo, njo mode ya sasa. Ile siku bukari haikunipita muzuri. Kwetu, ukisimama na muzee angali anasema, ni sawa umemutukana.

Bon. Sasa minakuya ku mwimbo.

Siye tuko bantu ya juu, ya nord, kaskazini ya Katanga. Mama yangu alishuka na gari ya moshi, na mwimbo ya kilio alileta mu kichwa. Kwetu muntu akikufa, mwanamuke mukubwa ya familia anasimama pa mulango ya ile nyumba, anaimba. Anaita bafu bote, bale balisha kufa, moya moya, bakuye bamupokee mugeni yabo. Akimaliza bafu anaita bazima. Kila muzima anamuita kwanza kwa kilio, sawa alisha kumupoteza, anasema ee fulani, wenye ulifanya ivi na ivi. Alafu anamugeuzia neno: weye bakia, chunga moto. Ile "bakia" njo inafunga mulango. Kama hauifunge, lufu, ile kifo yenyewe, inaona njia iko wazi, inaingia tena.

Na ile mwimbo haiimbwe mu nyumba kama hakuna muntu alikufa. Mama alitufundisha mu shamba, yaya yangu, dada yangu mukubwa, na miye, tukilima mihogo. Asema lufu ikipita mu shamba haione kitanda, inapita paka na njia yake.

Batoto ya mama tulikuwa saba. Tulibakia bawili, miye na yaya yangu wenye alikuwa anaikala ku Mokambo, pa mupaka ya Zambia, anauzisha samaki ya kukausha. Yaya alizaa batoto bane, Mungu akabachukua bote bane. Kila mara tunasemezana anarudia paka neno yake: miye nitakufa sawa kuku, nani atanilia? Minamujibu niko. Anauliza: na kama weye unatangulia? Miye pia nilikuwa na ile woga. Nilisha kulia bantu ya familia yote, juu yaya alikuwa mbali ku Mokambo na huku mukubwa ni miye. Mabinti yangu banajua nyimbo ya kanisa, na banaimba muzuri, lakini ile ya mama habaijue. Kati ya yaya na miye, mumoya atalia mwenzake. Wa mwisho, nani atamuimbia?

Siku moya tunachagua maharagi, nilimwambia mujikulu yangu ile woga. Akaacha maharagi. Akaniambia: "Kambo, video haikufake."

Tulienda ku Annexe, kandokando ya muji, kwenye tuko na kashamba kidogo. Alisimamisha telefone pa kijiti ya magulu matatu, akaniambia niangalie mihogo, nisimuangalie yeye. Niliimba yote, toka mufu wa kwanza mpaka bakia ya mwisho. Jua ilitoka pa bega moya ikaenda pa ingine. Nilipogeuka nilimukuta analia, anapangusa mapua na mukono, asema hajue ata analia nini. Apo roho yangu ikatulia. Nilijisemea, bon, sasa tunaweza kufa kwa zamu, yaya na miye, hakuna mashaka.

Ku nyumba akaniambia video iko ndefu sana. Yote atachunga mu mashini yake, lakini ku rezo, mu telefone ya bantu bote, ataweka kipande, dakika moya tu, bantu baonje, alafu balombe yote. Nilikubali. Ata ku soko mama ya karanga anakupa moya, unaonja. Akatafuta fasi yenye sauti yangu iko na nguvu. Na sauti yangu inapanda wapi? Pa kumuita yaya, juu ule njo muntu yangu. Akakata pale. Akaandika na maneno chini, muzuri sana: ee yaya yangu ya Mokambo, wenye ulinibeba mu mugongo tukivuka mutoni. Na dakika ikaisha pale. "Bakia" ikabakia inje.

Miye sikuona kosa. Minasema kweli, sikuona. Niliona paka uso yangu mu telefone, na kitambala yangu ya misa, nikafurahi sawa mutoto. Ile video ilikimbia, telefone na telefone. Mujikulu yangu anaruka mu parsele, ku soko bamama bananiita vedette, muntu ya jina, na miye minatembea polepole baweze kuniona muzuri. Siku mbili vile.

Siku ya tatu telefone inalia. Ni yaya.

Ku Mokambo, jirani yake mumoya aliona ile video. Ananijua uso, anajua nilibebwa na mugongo ya nani. Na ile siku yaya hakukuwa ku nyumba, alivuka Zambia kutafuta samaki. Ule mama akapiga kelele. Mu saa moya parsele ya yaya ilijaa. Bakatandika mikeka, bakawasha moto, mwanaume mumoya akaanza kuuliza mwili iko ku hopitali gani. Na yaya yangu anatokea ku njia, beseni ya samaki pa kichwa. Anaona bantu banalia kwake. Anashusha beseni, anauliza: "Nani alikufa?" Mama mumoya akaanguka pale pale. Bengine bakakimbia, mupaka bakaacha viatu.

Ile yote alinieleza polepole, bila hasira. Alafu akaniuliza:

"Mudogo yangu, unanizika na samaki yangu bado kuuzwa?"

Ningecheka. Sikucheka, juu nilisikia sauti yake inatetemeka. Nilijaribu kumueleza video, dakika moya, kuonja. Akasema paka neno moya: "Kuya."

Tuliondoka asubui na mujikulu yangu. Alibeba yeye mwenyewe kuku mweupe na bunga mu kitambala, ya kulomba musamaha, na toka Lubumbashi mupaka Mokambo hakutosha telefone mu saki, ilibakia ndani. Miye pia sikusema kintu. Munanijua, kwa miye ile ni kintu mukubwa. Kumulia muntu muzima na kuacha mulango wazi, kwetu ni kuonyesha lufu nyumba yake na kidole.

Tulimukuta pa kakiti yake, anageuza samaki pa jua. Hakutusalimia. Mujikulu yangu akapiga magoti mu vumbi, akasema yeye njo alikata, kambo aliimba yote.

"Ulikata juu ya nini?" yaya akamuuliza.

"Juu bantu banachoka mbio, kambo."

Yaya akageuza samaki ingine, na ingine. Alafu akasema:

"Bale benye kukuya kunilia habakuchoka. Balileta ata kuni."

Akaanza kutueleza nani alikuya. Ule jirani ya mulango ya kushoto, wenye habakusalimiana toka mwaka juu ya bata, alilia mupaka kitambala ikaanguka. Mwanaume ya dwane, ya forodha pa mupaka, wenye anamusumbuaka kila juma, alisimama pa muti, kofia mu mukono. Bamama ya samaki bote. Alitaja bote, anafunga kidole, anafungua. "Nilifikiri nitakufa sawa kuku," akasema. "Kumbe parsele inaweza kujaa." Uso ilikuwa inacheka, macho hapana. Alafu akasimama, akakamata mukono yangu. Akasema mulango ingali wazi, tukuye tufunge.

Tuliingia mu kashamba yake nyuma ya nyumba. Tuliimba bawili, sawa zamani nyuma ya mama. Miye minamuita, minamwambia bakia. Yeye ananiita, ananiambia bakia. Mujikulu yangu akatosha telefone, na haya, akaisimamisha. Yaya akamuachia. Tulipomaliza akamwambia sasa uifunge, ukuye na jembe. Akamuuliza: "Nikikosa neno, ile telefone yako itanipa?" Mujikulu yangu akasema hapana. "Basi ukuye."

Tulibakia juma muzima. Kila asubui analima na yaya, anarudia bafu moya moya, akikosa yaya anamupiga kidogo pa mugongo na kijiti ya muhogo. Ile video ya bawili aliiweka yote ku rezo, bila kukata. Haikukimbia. Mingi bakaonja, kidole ikapita. Mujikulu yangu, wenye alijuaka kila mode, hakusikitika. Asema ile hakuweka juu ya kukimbia.

Mu mvua yenye ilifuata, homa ikakamata yaya. Siku tano. Akakufa.

Mujikulu yangu akaandika ku rezo, miye nikapiga telefone kila fasi. Na sikieni vile bantu balijibu. Bale ya Likasi, batoto ya bandugu yetu benye balikufa, bakacheka: kambo, ii mara hatuingie tena mu video yako. Bamoya bakaniuliza itaisha ku dakika ngapi. Nilikuwa minalia mu telefone, na banaona minacheza. Nilifanya nini? Miye mwenyewe njo nilibauzisha ile lufu ya kwanza, na sasa ya pili hakuna muntu anainunua.

Siku ya kumutosha mu nyumba yake ku Mokambo, kumuzika, muchana, parsele ilikuwa nusu. Majirani balikuya, juu balimuona na macho. Lakini mikeka ya familia ilikuwa bure, mvua inaipiga kidogo kidogo. Nilijisemea, ata vile yaya alisha kuiona yenye kujaa. Nikasimama pa mulango. Niliita bafu, nikafika pa yaya, nikamuweka pa fasi yake kati yabo. Alafu nikageuka kuita bazima. Toka mama alikufa, muzima wa kwanza wenye minaita ni yaya. Nilifungua kinywa, hakukuwa jina. Sauti ikaisha. Bamama bananiangalia, bananingoya, na miye nimekamata mulango sawa muntu wa kunywa.

Apo nyuma yangu sauti ingine ikapanda. Ya kutetemeka, ya kijana, lakini maneno ilikuwa sawa. Telefone ilikuwa mu saki. Akaniita: ee kambo yangu ya Kampemba, wenye ulinibeba mu mugongo, mama yangu iko ku kazi. Toka mama alikufa muntu hakuniitaka mu ile mwimbo pa mulango ya mufu. Yaya tu aliniitaka, mu shamba. Nilisikia jina yangu inapita pa vichwa ya bantu. Nikangoya neno ya mwisho sawa muntu anangoya maji.

"Weye bakia," akasema. "Chunga moto."

Juma yenye ilifuata bale ya Likasi, balisha kusikia ni kweli, bakafika ku Mokambo, kuni pa kichwa, macho chini. Habakujua baanze na neno gani. Nilibaambia baweke kuni pale, bakae. Moto ilikuwa ingali inawaka.