Punje Mbili Msituni

Baba yangu hakuwa mtu wa kutembea kwa raha. Kwake miguu ilikuwa ya kwenda kibanjani kwenye migomba yake, kanisani na msibani. Kwa hiyo asubuhi ile aliponiambia nivae gauni la Krismasi, twende mwendo wa kutwa kwa njia ya ziwani nikaone uzuri wa msitu, nilijua kuna jambo. Mama alinipaka mafuta miguuni bila kunitazama usoni. Hilo nalo nililiona.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa likizoni nyumbani, upande wa Muleba. Nilisoma kwa masista kule Kashozi, na nilichotaka duniani ni kuwa mwalimu. Wenzangu wawili walikuwa wamekwenda likizo kama mimi wasirudi tena, wameolewa.

Tulipofika njia panda tukamkuta anatungoja: mnunuzi wa kahawa, mgane wa makamo, kanzu nyeupe na koti. Tangu mavuno alikuwa haishi kuja kwetu. Kwanza alileta sukari, kisha kitenge cha mama, kisha sabuni ya kunukia, akanikabidhi mimi mwenyewe mkononi. Mtu hampi binti wa watu sabuni ya kunukia kwa sababu ya kahawa ya baba yake. Neno la posa hakuwa amelitamka, na baba hakuweza kumfukuza. Bwana huyo alikuwa mtu wa karibu wa mkungu, mkuu wa kijiji chetu, na mkungu ndiye aliyeamua mpaka wa kibanja cha mtu unaishia wapi.

"Leo tunakwenda kwangu, waitu," akaniambia kwa neno la heshima huku akicheka. "Utapaona."

Nipaone kwa nini?

Njia ilishuka kutoka migombani ikaingia msituni. Kweli ulikuwa mzuri, nami niliuchukia kwa uzuri wake. Miti ilikuwa minene, mizizi imetambaa juu ya mawe hadi ukingoni mwa genge, na chini yake Lweru, ziwa letu, limetulia. Hondohondo walipiga kelele juu, tumbili wakatuchungulia. Kila baba aliponionyesha kitu nilimtazama yeye badala ya hicho kitu. Mbona leo anaongea hivi? Mbona anamwachia mgeni atangulie, kisha anamwita arudi, wananong'ona? Nikaanza kupima njia ya kurudi. Nilikata shauri kwamba wakinifikisha kwenye nyumba ya mtu huyu nitatoroka, nikalale kwa masista hata kama ni mwendo wa siku mbili.

Mchana tukapumzika penye uwazi juu ya ziwa. Baba akaniambia nikae kando, lakini nisiende mbali. Akatoa mfukoni kikasha cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni. Halafu akatoa wembe.

Nikasogea nyuma ya mti, nikasikiliza.

"Umekuwa mwema sana kwangu," baba alisema. "Sina cha kukulipa ila mwili wangu. Tule omukago."

Omukago ni udugu wa damu. Kahawa moja ina punje mbili. Kila mmoja hujichanja karibu na kitovu, hupaka punje damu yake, na mwenzake huimeza. Mapadri walikuwa wameukataza kabisa, na baba alikuwa mtu wa kanisa. Nikadhani ndio mkataba wa kuniuza.

Yule bwana aliutazama wembe. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Kwani kuna haraka gani?" akauliza.

"Kuna kizuizi gani?" Baba alimtazama kwa upole ambao haukunihadaa. "Kama una jambo linalozuia, liseme. Tuko peke yetu."

Hakuna mtu wa kwetu anayekataa omukago bila kueleza sababu. Kukataa ni kujitangaza adui. Nayo sababu yake hakuwa na uso wa kuitaja mbele ya mtu aliyezipokea zawadi zake kama wema mtupu. Mwisho akafungua koti, akapokea wembe.

Walipomaliza kumeza, baba akaniita.

"Njoo. Piga magoti, umwamkie baba yako mdogo."

Nikapiga magoti. Hapo ndipo nilipoelewa. Ndugu wa damu wa baba ni baba yako. Watoto wa mmoja ni watoto wa mwenzake, na mtu haoi mwanawe. Yule bwana alinigusa kichwani kwa ncha za vidole, akasema safari iliyobaki ni ndefu, heri turudi. Alitusindikiza hadi njia panda, kisha akashika njia yake. Sabuni hazikuja tena, na mpaka wetu haukuguswa, maana nani angemnyang'anya ndugu yake?

Nilirudi Kashozi muhula ulipoanza, lakini kabla yake kulikuwa na Jumapili. Baba alikuwa ameungama, na padri alimnyima komunyo hadi aukane udugu ule mbele ya watu. Baba alikataa, wala hakueleza kwa nini. Wakati wa kukomunika watu wa benchi letu waliinuka. Baba alibaki ameketi, akakunja magoti yake upande mmoja ili nipite.

Nilipita.