Kioo Kidogo cha Lazeri

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira niliyo nayo leo ilizaliwa siku ile. Nilikuwa mwashi kijana hapa Kalemie, tunajenga madarasa karibu na ziwa. Mkuu wetu wa kazi, Papa Mulunda, alikuwa amenunua kifaa cha lazeri cha kupimia usawa wa ukuta. Mbele ya kifaa hicho kulikuwa na kioo chembamba kama njiti ya kiberiti. Mwanga ulikuwa nukta moja. Ukipita kwenye kioo hicho ulitandazwa, ukawa mstari mwekundu.

Mchana jua lilimeza mstari huo. Mimi, mjuaji, nikaking'oa kile kioo kwa kisu. Nukta ikawaka! Nikajisifu. Sasa, waashi tuna desturi yetu: kamba ikishavutwa, unaifuata kwa jicho moja kuona kama imenyooka. Mwenzangu Ilunga, ambaye chokaa ilishamuunguza jicho la kushoto, alituzidi wote kwa kazi hiyo. Nikamwita: "Ilunga, angalia kama iko sawa!" Akainama, akaweka jicho lake zima mbele ya mwanga. Alitazama kwa makini, maskini, kwa sababu mimi nilimwambia.

Kesho yake katikati ya kila alichokitazama Ilunga palikuwa na doa jeusi. Papa Mulunda akanishika ukosi wa shati.

"Weye mutoto, ile kioo uliitoa juu ya nini? Ulifikiri ni ya bure? Ndiyo ile inagawanya ukali!"

Maji yakimwagika hayazoleki.

Na jana nakukuta wewe na kisu mkononi, unakwangua kioo cha lazeri mpya, kile chenye lenzi ndogondogo zilizopangana kama magamba ya samaki, eti zinapunguza nguvu! Nani kakwambia ni kasoro? Aliyezipanga alitaka mwanga uenee sawasawa, usimchome mtu. Nimekasirika, wala sikufichi.

Sikia. Usiondoe kitu kwenye chombo kabla hujajua kiliwekwa kwa nini. Jua likizidi, ngoja lipungue. Na lazeri haifuatwi kwa jicho kama kamba, inatazamwa ukutani.

Jumapili tukitoka kanisani, Ilunga hugeuza uso kando ili anione kwa pembeni, kisha huuliza, "Ni weye, ndugu yangu?" Namjibu, kila Jumapili. Mungu ayalinde macho yako, mwanangu, na zaidi ya hayo, macho ya anayetazama kwa sababu wewe ulimwambia.